Mwaka wa Kupima Nyasi

Mimi si mtu wa kutoka. Kwetu Bofu majirani hunitania kwamba hata nikifa, jeneza langu litabembelezwa kwanza ndipo likubali kuvuka kizingiti. Sibishi. Nina kitanda kizuri, nina redio, nina birika linalotunza joto la chai mpaka alasiri, na sijaona huko nje pana nini cha kuvishinda hivyo vitatu. Lakini mwezi uliopita Mama Mkubwa alifariki, dada mkubwa wa mamangu, na msiba wake haukuwa wa kusikilizwa kwa simu. Nilivuka feri, nikaenda Junda, nikakaa mpaka hitima ikasomwa. Siku ya hitima nilipewa kazi inayonifaa, ya kukaa chini na kumenya vitunguu thaumu, nikachagua kukaa uani, mgongo nimeuegemeza kwenye ukuta wa vyumba vya kupangisha. Ni vyumba sita kwa mstari mmoja, milango ya buluu, kila mlango na ndoo yake na kamba yake ya nguo. Mpangaji mmoja, msichana wa bara, aliniuliza kwa adabu kama nataka kiti. Nikamwambia hapa nilipo nimepazoea. Sikumwambia kwamba nilipokuwa na umri kama wake, hapo alipoweka jiko lake nilipapima kila wiki kwa tepu ya fundi wa nguo, wala kwamba vyumba vile sita, kwa namna fulani, nimevijenga mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kidato cha nne nilikuwa nimekimaliza kwa matokeo ambayo hayakumliza mtu wala kumpigisha vigelegele, na nyumbani wakaamua niende kwa Mama Mkubwa nikamsaidie kidogo. Nilifika na mfuko mmoja na mto wangu mwenyewe. Mama Mkubwa aliutazama ule mto kabla ya kunitazama mimi. "Rukia mwanangu, kwani hapa kwangu watu hulalia mawe?" Shikamoo yangu aliiitikia baadaye, akiisha kucheka. Akanipa chumba cha nyuma, chenye kitanda cha kamba, chandarua kilichotiwa viraka vya kanga, na kasha la mvule lililonuka udi kwa ndani na ng'ombe kwa nje. Dirisha lake lilitazama zizi, na nyuma ya zizi, kipande cha ardhi kilichoteremka kidogo kuelekea upande wa hori ya bahari. Nikilala ubavu wa kulia niliweza kuona nusu ya kile kipande bila kuinua kichwa. Nusu ya pili ilizibwa na paa la zizi. Nusu moja niliiona yanitosha. Ndivyo nilivyokuwa, na ukiuliza watu wa Bofu watakwambia sijatengenea.

Ng'ombe wa maziwa walikuwa wawili, Asali na Mawingu. Asubuhi Mama Mkubwa aliwakamua huku akiwasomea dua kwa sauti ya chini, kisha maziwa yakaingia ndani kwenye sufuria kubwa iliyopondeka upande, na nyumba nzima ikanuka maziwa yanayochemka na iliki. Tulikula mahamri na mbaazi, watu wakaja mlangoni na chupa zao, na saa tatu pakawa kimya. Kimya hicho nilikipenda kuliko mahamri. Shida ya nyumba ile ilikuwa moja, nayo ilikuja kila kaskazi, jua linapokaa miezi bila mvua. Ukoka ulikauka ukawa kama nywele za mkonge, Asali na Mawingu wakawa wanakula majani ya kununua yaliyoletwa kwa mkokoteni kutoka mashambani, na maziwa yakashuka mpaka Mama Mkubwa akawa anawarudisha watu na chupa zao tupu huku akiwaomba radhi kama aliyewakosea yeye.

Jambo lenyewe nililisikia nikiwa kitandani, kupitia pazia. Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala, na Mjomba Athumani alikuwa amekuja kula. Yeye na Mama Mkubwa ni ndugu wa tumbo moja na ile ardhi ilikuwa yao wote wawili. Sauti ya kijiko chake kwenye sahani nilikuwa nikiijua, kwani alikula kwa haraka akaongea polepole.

"Dada, ardhi ya watu wawili haiwezi kukaa miaka yote ikilisha ng'ombe wa mmoja. Na yenyewe hata hailishi. Kaskazi ikija ile nyuma yako haina tofauti na kipara changu."

"Kipara chako angalau hukipaka mafuta," alijibu Mama Mkubwa. "Kula papa, Athumani. Mchuzi wapoa."

"Nala. Lakini sikiza. Huko Miritini watu wajenga mpaka mahali pa kusimama punda. Vyumba sita, dada. Vitatu vyako, vitatu vyangu."

"Na Asali na Mawingu niwaweke chumba cha ngapi?"

Mjomba alicheka, maana hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea. Akasema yule bwana wa mifugo amekuwa akimhangaisha kila mtu Kisauni na habari za nyasi mpya. Basi zipandwe. Atampa dada yake mwaka mzima, mpaka Idi ya kuchinja ipite, na Idi mwaka ule ilikuwa inaangukia katikati ya kaskazi. Ikiwa hata aina moja ya nyasi itakuwa imesimama na kutosha ng'ombe wawili, hatataja tena vyumba mpaka azikwe. Ikiwa hakuna, fundi ataingia.

"Na nani atahukumu?"

"Daftari lihukumu. Si una msomi humu ndani? Yuko wapi?"

"Yuwalala."

"Saa nane ya mchana?"

"Yuwafikiri," alisema Mama Mkubwa.

Bwana Kazungu wa mifugo alikuja masika ilipoanza kunyesha, juu ya pikipiki iliyofungwa magunia mawili, akiwa na matope mpaka masikioni. Alikuwa mtu mwenye mapenzi na nyasi kama wengine wanavyopenda mpira. Alikunywa chai vikombe vitatu na kutueleza kwamba makosa ya watu wengi ni kuchagua nyasi kwa macho. Wanaona ndefu, wanasema hii ndiyo. Urefu si kitu. La kuangalia ni nyasi ikikatwa yarudi kwa siku ngapi, jua la kaskazi hulistahimili vipi, na ng'ombe akiwekewa aina nne mbele yake atia mdomo wapi kwanza. Tena nyasi zisikae peke yake. Zipandwe na mmea wa jamii ya kunde, kwa sababu kunde huirudishia ardhi nguvu. "Nyasi tupu ni ugali mkavu, Bi Mkubwa. Mtafutie mboga yake." Akachimba pamoja nasi mistari minne mirefu, na kwenye kila mstari akachomeka kijiti chenye karatasi ya jina. Majina yalikuwa marefu, ya kisayansi, na mvua ya juma la kwanza ikayafuta yote.

Hapo Mama Mkubwa akazibatiza mwenyewe. Mstari wa kwanza ulikuwa ukoka wetu wa siku zote, uliowekwa ili zile nyingine zilinganishwe nao. Huo akauita Mwenyeji. Wa pili ulikuwa nepia ya aina mpya, yenye mashina kama miwa, iliyochipua ikasimama na kujitanua kwa fahari. Huyo akawa Bwana Harusi, kwa sababu, alisema, kavaa vizuri lakini hatujamwona akifanya kazi. Wa tatu ulikuwa nyasi fupi za majani mapana laini, zilizolala chini na kushika ardhi kwa vidole. Hizo tulikuwa hatujapata kuziona, zikaitwa Mgeni. Wa nne ndio uliokuwa ile mboga, mmea wa kutambaa wenye maua ya buluu, uliovuka mstari wake ukapanda juu ya Bwana Harusi, ukachungulia kwa Mgeni, ukatoa kichwa mpaka uani. Huyo alikuwa Mdaku.

Kazi yangu ilikuwa daftari. Kila Ijumaa alasiri nipime urefu, na kila juma la nane Mama Mkubwa akate mistari yote, afunge mizigo, niandike kila mstari umetoa mizigo mingapi. Mtu akisoma daftari lile leo atadhani liliandikwa na mwanamke mwenye bidii. Mwandiko mzuri, mistari imepigwa kwa rula. Haoni kwamba nilikuwa nikipima nikiwa na mwavuli mkono mmoja, nimechuchumaa upande wa zizi wenye kivuli, nikisoma tepu kwa jicho moja na kulitamani dirisha langu kwa lile jingine. Wala haoni kwamba alfajiri, saa ambayo nyasi na watu wake huwa macho, mimi nilisali nikarudi chini ya chandarua. Bwana Harusi alifika kifuani kwangu, akafika kichwani. Mwenyeji alijikokota. Mdaku alikwenda huku na huku. Mgeni alianza vizuri, kisha akakwama. Wiki hii futi moja, wiki ijayo nusu. Wiki nyingine upande mmoja umepanda na upande wa chini umeshuka, kama nywele zilizonyolewa na kinyozi mwenye haraka. Niliandika, "Na. 3 haikui." Wiki iliyofuata niliandika, "Na. 3 haikui bado," nikaona nimeongeza maarifa.

Jirani yetu wa upande wa chini alikuwa Mishi, mwanamke mfupi mwenye kicheko kirefu, aliyefuga mbuzi wawili watatu uani kwake. Alikuwa akisimama kwenye ua wa makuti na kunitazama.

"Rukia, wapima nyasi au wapima kivuli?"

"Napima vyote viwili, da Mishi. Kivuli ndicho chakua."

"Na hiyo ya tatu je? Yaendaje?"

"Haikui."

Alicheka mpaka akashika kanga yake isianguke. "Maskini! Haikui," akasema, "haikui kabisa," akaingia ndani akicheka. Nilidhani anazicheka nyasi. Miezi mizima nilidhani anazicheka nyasi.

Mvua za vuli zilikuwa haba, kisha upepo ukageuka na kaskazi ikaanza kuoka. Nikiwaza sasa, nadhani ilikuwa miezi mizuri kuliko yote niliyokaa nje ya kitanda changu, ingawa wakati ule nililalamika kila siku. Mama Mkubwa alikuwa na desturi ya kukaa kizingitini mwa jiko baada ya adhuhuri, miguu ameinyoosha, akipasua mbaazi ndani ya ungo na kusema maneno ambayo hayakuhitaji majibu. Alisema Asali ana moyo mpana lakini hasahau. Alisema mimi nitaolewa na mlinzi wa usiku, ndiye tutakayepatana naye saa za kulala. Nyuma ya zizi Bwana Harusi alikuwa ameanza kugeuka rangi, majani yanakunjamana, mashina yamekuwa kuni. Tukimkatia Mawingu, anachagua ncha na kuacha fimbo. Mwenyeji alishakufa siku nyingi. Mdaku, na udaku wake wote, alibaki na kijani, lakini ni mboga, huwezi kushibisha ng'ombe kwa mboga. Mgeni alikuwa chini ya vifundo vya miguu yangu. Kijani, ndiyo, hilo niliandika, lakini fupi, inazidi kuwa fupi. Kwenye juma la kukata ilitoa nusu mzigo. Bwana Kazungu alikuwa amehamishwa Kwale na hakuna mwingine aliyekuja. Mama Mkubwa nilimsomea daftari jikoni, akasikiliza vizuri, akasema, "Mwandiko wako mzuri mashallah."

Idi ya mfungo tatu, ile ya kuchinja, ilifika siku ya jua kali. Wanaume walirudi kutoka sala, kukachinjwa mtaa mzima, na kuanzia saa nne sahani zikaanza kuingia. Kwetu kila anayechinja hupeleka nyama kwa jirani, na kazi ya kupokea mlangoni walinipa mimi kwa kuwa haitaki kwenda popote. Sahani ya kwanza ililetwa na binti wa nyumba ya pili. Akanipa mkono wa Idi, akasema, "Mama asema, mwambie Bi Mkubwa huyu ndiye yule mbuzi wake." Nikaitikia tu, nikidhani ni maneno ya Idi. Sahani ya pili ilikuja na paja zima: "Mwambie Bi Mkubwa amenenepa kwa mkono wake." Ya tatu, ya nne. Ya tano aliileta Mishi mwenyewe, ini limefunikwa kwa kitambaa cheupe.

"Da Mishi," nikamwambia, "leo kila mtu aniambia mbuzi ni wa Mama Mkubwa. Yeye ana mbuzi gani? Hana hata kuku."

Mishi alinitazama akitafuta utani usoni mwangu. Hakuupata. "Wewe mwana," alisema polepole, "kwani hujui? Hizi nyasi za tatu ndizo zilizowalisha mbuzi wa mtaa huu tangu kusi, kabla hata ya vuli. Twakata kila alfajiri kwa zamu, leo nyumba hii, kesho ile. Na hawa wa Idi, mwezi mzima tangu mfungo pili, hawajala kingine. Alitwambia Bi Mkubwa mwenyewe, kateni ile ya tatu, ndiyo laini. Yakatwa leo, keshokutwa ishaota." Kisha akaziba mdomo kwa upande wa kanga. "Na wewe hukuwa ukinitania? Ulipokuwa ukisema haikui?"

Sahani zilifika saba. Nyumba saba, mbuzi saba, na mstari mmoja wa nyasi wenye urefu wa hatua arobaini, katika kaskazi iliyoua kila kitu, ukiwa umekatwa kila siku ya Mola. Sikuwa nimefaulu hesabu shuleni, lakini hesabu ile niliifanya pale pale mlangoni, na sahani ya saba mkononi. Mgeni peke yake angewatosha Asali na Mawingu, angewabakizia. Aibu iliyonipanda haikuwa ya hesabu. Nilikuwa nimeisoma biolojia miaka minne. Jani lililokua lina ncha. Jani lililokatwa kwa mundu lina ukingo bapa, uliobadilika rangi. Ningeinama mara moja tu, Ijumaa moja tu, ningeona. Sikuinama kwa sababu upande uliokatwa ulikuwa wa chini, juani, na mimi nilikuwa na mwavuli mdogo.

Mama Mkubwa alikuwa jikoni amepakua pilau kwenye sahani zile zile saba, maana sahani ya jirani hairudi tupu. Nikasimama mlangoni.

"Mama Mkubwa."

"Abee, mwanangu. Nishikie hii, yaunguza."

"Kwa nini hukuniambia kuhusu Mgeni?"

Hakugeuka. Alisawazisha pilau kwa mgongo wa upawa. "Nikikwambia utaandika."

"Ndiyo ningeandika! Ndilo daftari lenyewe. Mjomba—"

"Punguza sauti. Kitu ukimpa mtu kwa ajili ya Mungu, kisha ukakiandika, ukamsomea ndugu yako ili upate ardhi, umempa nani?" Akaniwekea sahani mikononi. "Mimi nilishajua tangu kusi kwamba ile ya tatu ndiyo. Asali aliivutia kamba mara ya kwanza tu alipoinusa. Ndiyo nikawapa hiyo. Kwani ulitaka niwape mashina ya Bwana Harusi? Mtu atoe kile ambacho hata ng'ombe wake amekataa?"

"Lakini mwaka huu mmoja tu. Ungewaambia wangoje mwaka huu."

"Mbuzi hangoji," alisema. Kisha akanitazama, na jicho lake likawa na ule utani wake wa siku zote. "Na wewe ungeamka alfajiri siku moja, ungejionea mwenyewe. Nisingekuwa nimekwambia mimi. Ungekuwa umeona, na cha macho yako ungeandika. Nilikungoja, Rukia. Wallahi nilikungoja mwaka mzima."

Nimeyabeba maneno hayo miaka ishirini na kitu, na sijui hata leo kama alikuwa akinitania. Mjomba alikuja Ijumaa iliyofuata. Alikula, akanawa, akavaa miwani, akaomba daftari. Safari hii sikuwa kitandani, nilikuwa nimekaa mkekani mkabala naye, na Mama Mkubwa pembeni akijipepea kwa kipepeo. Mjomba alisoma kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, bila haraka, kama mtu asiyetaka kudhulumu. Alipofika "Na. 3 haikui" akainua macho. "Hii haikukua kabisa?"

Kipepeo kiliendelea. Nilijua nikisema, ile siri ya Mama Mkubwa naimwaga mbele ya ndugu yake, naye alikuwa ameniomba kwa macho nisiimwage. Hilo ni kweli, na kwa miaka mingi ndilo nililojisimulia, kwamba nilinyamaza kwa heshima. Lakini nimezeeka kiasi cha kuweza kuongeza na nusu ya pili. Nikisema Mgeni ilikua, ilinibidi niseme pia kwa nini niliandika haikui. Ningesema nilikuwa nimelala. Ningesema mwaka mzima wa karatasi nzuri zilizopigwa rula niliuandika kutoka kivulini, na mbele ya Mjomba, aliyeniita msomi, ulimi haukuwa na nguvu ya hilo. Sadaka ya Mama Mkubwa ilikuwa pazia, nami nikajifunika nayo. Kulikuwa hata na njia ya tatu, ambayo ilinijia nikiwa nimelala, kama kawaida yangu, miaka kumi baadaye. Ningesema tu, "Mjomba, daftari hili halifai, nilipima vibaya, tupe mwaka mwingine." Nisingetoa siri ya mtu yeyote ila yangu.

"Haikukua," nilisema.

Mjomba alifunga daftari, akamrudishia dada yake na si mimi. "Basi, dada. Si nyasi, ni ardhi tu, ishachoka." Mama Mkubwa akasema inshallah kheri, akauliza kama ataongeza chai.

Fundi aliingia kabla ya masika. Asubuhi ile niliamka alfajiri, nikakaa macho, siku moja ya kweli katika mwaka ule, kwa sababu nilisikia majembe. Nilipotoka nje sikumkuta fundi. Niliwakuta wanawake wa nyumba zote saba wameinama kwenye mstari wa tatu, na mabeseni na mafurushi ya kanga, wakichimbua Mgeni shina kwa shina pamoja na udongo wake, na Mama Mkubwa kasimama katikati akielekeza, wewe chukua huku, wewe umechukua kidogo, ongeza. Aliponiona alisema tu, "Leo jua limetokea wapi?" akanipa beseni. Nilibeba mabeseni mangapi sikumbuki. Nakumbuka majani yalivyokuwa baridi ya umande kwenye viganja, na kwamba ilikuwa mara ya kwanza kuyashika. Asali alikwenda kwa watu wa Mwakirunge mwezi ule. Mawingu alibaki mpaka uzee wake, amefungwa kwenye kijipenyo nyuma ya choo, akila kinacholetwa na majirani. Mama Mkubwa hakunilaumu hata siku moja, na mwisho wa mwaka nilirudi kwetu na mto wangu.

Hivi karibuni mpwa wangu alinionyesha kwenye simu habari za nyasi za namna ile. Kumbe asili yake ni huku huku Afrika; zilichukuliwa zikaenda ng'ambo, zikafundishwa adabu, zikarudi na cheti. Nilicheka peke yangu. Mama Mkubwa angesema basi hakuwa mgeni, alikuwa mtoto wa nyumbani aliyechelewa kurudi.

Siku ya hitima, vitunguu vilipokwisha, Mishi alikuja kuniinua. Amekuwa mdogo zaidi na anatembelea mkongojo, lakini kicheko ni kile kile. "Ndoo," alisema akinivuta mkono, "utoke ukutani hapo, utaota kuvu." Alinitoa kwa mlango wa nyuma, tukapita kati ya vyumba na ukuta wa jirani, tukatokea njia ya chini. Na pale, kandokando ya njia, chini ya kila ukuta, nyuma ya kila choo, pembeni mwa mfereji wa maji ya kufulia, palikuwa na zile nyasi fupi za majani mapana. Zimeteremka mpaka karibu na mikoko. Kaskazi ilikuwa imeshika na kila kitu kingine kilikuwa cha rangi ya mkate. Yule msichana wa bara alikuwa ametufuata na ndoo yake ya maji machafu. Akayamwaga juu ya nyasi kwa uangalifu wa mtu aliyeambiwa ayamwage hapo.

"Shosho," alimwuliza Mishi, kama wanavyowaita bibi zao huko bara, "hii nyasi inaitwa aje? Watu huja kuikata asubuhi mapema."

"Mgeni," alisema Mishi.

"Ya nani?"

Mishi alinitazama. Nami nilikuwa nimejiandaa kwa swali lile miaka mingi, nikiwa ndani, nimejilaza, na sasa lilikuwa limekuja kwa mtu asiyenidai jibu. Sadaka ile si yangu, na hata hapa sijui kama nimefanya vyema kuiandika. Lakini mwenyewe keshakwenda na alichokificha kimefika alikokipeleka; kilichobaki hapa duniani ni daftari, na daftari ni langu. Nilikunja buibui, nikashika ukuta kwa mkono mmoja kwa sababu magoti yangu nayo ni ya kukaa ndani, nikainama. Nililishika jani moja, nikaligeuza kwenye mwanga. Lilikuwa bapa mwishoni, limekatwa kwa mundu, na ukingo wake ulikuwa bado na utomvu mbichi.